Mhariri, kipa kudaka akiwa mgonjwa siyo uchuma

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua nitoe dukuduku langu. Hii tabia ya kurasa za michezo, na sisi mashabiki sijitoi, kumwita kipa wa hoki ya barafuni "chuma" kila akidaka huku nyonga au goti limeisha, mi imenichosha.

Na mimi nilikuwa hivohivo. Mwaka 2021 Boston Bruins walivyokuwa wanacheza na New York Islanders kwenye mtoano, kipa wa Bruins Tuukka Rask akafungwa manne mechi ya 5, akatolewa baada ya vipindi viwili, nikamsema weee, ati kazeeka, ati hana moyo. Msimu umeisha ndo tunasikia gegedu ya nyonga imechanika na anaenda kupasuliwa, kumbe siku zote hizo alikuwa anadaka nayo. Nikanyamaza. Akarudi Januari 2022, mechi 4 tu, Februari akastaafu na miaka yake 34.

Wengi wanadhani kinachowaumiza ni paki, kile kisahani kigumu wanachokipiga badala ya mpira, inavyokuja kwa spidi. Hapana, zile pedi za kujikinga zinasaidia sana. Shida ni bataflai, staili aliyoipa umaarufu kipa wa zamani Patrick Roy, kipa anadondoka magoti yote mawili kwenye barafu, mapaja yanajikunja kwa ndani halafu miguu kuanzia gotini inafunguka pembeni kama mabawa, wewe Mhariri jaribu kukaa hivyo hapo ofisini ndo utanielewa. Kichwa cha mfupa wa paja kinagonga ukingo wa tundu la nyonga, leo, kesho, mazoezini, kwenye mechi, tangu akiwa mtoto. Na wenzake wanapokezana kila baada ya muda mfupi wanaenda benchi kuvuta pumzi, yeye yupo tu dakika zote 60.

Halafu timu zinaficha! Taarifa inatoka "jeraha la sehemu ya chini ya mwili", basi, yaani kuanzia kiunoni mpaka ukucha wa mguu, na magazeti yanachapa hivohivo bila hata kuuliza.

Najua kuna watakaonijibu kwa Tim Thomas, kipa mwingine wa Bruins, kwamba alipasuliwa nyonga 2010, halafu 2011 akabeba Stanley Cup, kombe la ubingwa wa ligi yao, pamoja na tuzo ya mchezaji bora wa mtoano. Sawa kabisa, lakini alitibiwa KWANZA jamani. Msimu wa kabla ya hapo, alipokuwa anadaka inauma, namba ilichukuliwa na huyohuyo Rask.

Sasa kipa Carey Price. Aliibeba timu yake ya Montreal Canadiens mpaka fainali ya 2021, wakafungwa na Tampa Bay, mwezi huohuo akapasuliwa goti, akarudi Aprili 2022 akacheza mechi 5, basi hatujamwona tena golini. Mkataba wake ulikuwa wa dola milioni 84 na watu wakabaki wanabishana hela, hela, hela. Yeye mwenyewe alisema kupanda na kushuka ngazi kunampa shida, na kubeba wanawe kwenye hizo ngazi ndo kazi kabisa. Mkimwandika tena anzeni na hizo ngazi, zile picha za kudaka tumeshaziona.

Ni mimi,
Msomaji anayeanzia kurasa za nyuma