Joho halina siku za baharini

Mhariri,

Nimewasoma miaka mingi bila kuwaandikia. Mmeita kila chombo chenye tanga jahazi, nikanyamaza. Mmeandika noti 12 kwa saa, kana kwamba noti yenyewe si maili ya bahari kwa saa, nikanyamaza pia. Lakini makala yenu ya wiki jana kuhusu shahada ya yoti, yaani vyombo vya starehe, na ubaharia imenishinda. Mwandishi wenu anawaambia wazazi kwamba kijana akivua joho la mahafali anavaa kofia ya nahodha. Ya nani?

Shahada hutolewa na chuo. Cheti cha umahiri, kile kinachomruhusu mtu kushika zamu darajani, yaani kwenye chumba cha kuongozea meli, hutolewa na mamlaka ya bahari ya nchi kwa kufuata STCW, mkataba wa kimataifa wa 1978 wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, ambao marekebisho yake ya Manila ya 2010 yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2012. Mkataba huo hauulizi mtu alipata daraja gani chuoni. Kwa afisa wa zamu kwenye meli ya GT 500 (kipimo cha ukubwa wa meli) au zaidi, unauliza umri usiopungua miaka 18 na miezi isiyopungua 12 ya utumishi baharini ndani ya programu iliyoidhinishwa, yenye daftari la mafunzo lililojazwa ukurasa kwa ukurasa. Programu isipokuwa ya namna hiyo, miezi 12 inageuka 36. Na humo humo, miezi isiyopungua 6 iwe ya zamu darajani chini ya macho ya nahodha au afisa mwenye sifa. Sasa pigeni hesabu. Chuo kinachowapeleka wanafunzi baharini wiki 8 kila mwaka kwa miaka 3 kimewapa wiki 24, yaani siku 168, hata nusu mwaka haijatimia. Tena hapo nimewahesabia zote, pamoja na zile chombo kilipolala gatini vijana wakiosha sitaha na kung'arisha vyuma. Ukitaka njia ya yoti ndogo, mtihani wa unahodha wa yoti uitwao Yachtmaster Offshore, wa RYA, chama cha vyombo vya starehe cha Uingereza, unadai siku 50 chomboni na maili 2,500, angalau nusu yake kwenye maji yanayopwa na kujaa, na safari 5 zinazozidi maili 60: mbili ziwe zimekesha usiku, mbili uwe wewe ndiye nahodha. Nako hakuna mstari unaouliza shahada. Waende tezi, waende omo, marejeo ni ngamani: siku za baharini zitadaiwa tu, na mzazi aliyekwisha kulipa ada ya miaka mitatu hakuambiwa.

Sisemi shahada ni bure. Aliyesoma uthabiti wa chombo anajua kwa nini maji yanayosukasuka kwenye tangi lililojaa nusu ni hatari kuliko tangi lililojaa pomoni. Aliyesoma sheria hatii saini mkataba wa kukodisha yoti bila kutazama bima inaishia maji gani. Hayo huyapati kwa kushika usukani peke yake.

Ila chukueni hili moja, nimelishuhudia mwaka huu. Mhitimu, daraja la kwanza, injini ya yoti ikaanza kupata joto na maji hayatoki kwenye ekzosi. Akakisia sawasawa: impela, kigurudumu chenye mabawa kinachosukuma maji ndani ya pampu ya maji ya bahari. Akafunga vali ya chini, akafungua skrubu za kifuniko, akachomoa ile impela ya mpira kwa koleo, akapaka mpya sabuni ya maji, akaiingiza mabawa yakiwa yamelala kufuata mzunguko, akaweka gasketi, akafungua vali, akawasha. Dakika 12, kazi safi. Nusu saa baadaye kengele ya joto ikalia tena. Impela kuukuu ilikuwa bado kwenye ndoo ya taka: katika mabawa 6 yalibaki 4. Hakuhesabu! Vipande viwili vya mpira vilikuwa vimesafiri na maji hadi kwenye mdomo wa kipozeo, yaani kifaa kinachopoza injini kwa maji hayo, vimeziba vijibomba vyake, na impela mpya ilikuwa inasukuma maji yasiyo na pa kupita. Dawa yake ni kuhesabu mabawa kabla ya kutia impela nyingine. Yakipungua, fungua bomba linalotoka kwenye pampu, kisha kifuniko cha kipozeo, utafute mpaka idadi itimie. Halafu uliza mabawa yamekatika kwa nini, maana mpira ule hulainishwa na maji ya bahari yenyewe, na ukizunguka mkavu kidogo tu unachanika. Ama vali ilifungwa ikasahauliwa, ama chujio limejaa majani. Siku hiyo lilikuwa chujio. Kijana alikuwa na alama 81 katika somo la mitambo ya chombo, somo ambalo, kwa kauli yake mwenyewe, lilifundishwa kwa slaidi.

Na mkiwa huko, kwa nini hamkuandika neno kuhusu macho? Wako wanaogundua mwaka wa tatu kwamba hawatofautishi taa nyekundu na ya kijani, yaani usiku hawawezi kujua kama chombo kilicho mbele kinawaonyesha ubavu wa kushoto au wa kulia. Cheti cha afya cha baharia hudumu miaka 2 tu, mwaka 1 kwa aliye chini ya miaka 18, na kipimo cha rangi kisizidi miaka 6. Kipimo chenyewe ni kitabu cha nukta za rangi na dakika chache. Kingefanywa kabla ya ada ya kwanza, lakini basi ada ya kwanza isingelipwa, naelewa.

Pendekezo langu kwa vyuo ni karatasi moja ndani ya fomu ya kujiunga, yenye namba tatu kwa maandishi manene: siku za baharini mtakazowapa wanafunzi, maili, na siku zitakazobaki wajitafutie wenyewe. Na mtihani wa mwisho ufanyike saa nane usiku, kila mwanafunzi apewe pampu yenye impela iliyopungukiwa mabawa mawili, asiende kulala mpaka aweke vipande vyote viwili mezani.

Kwenu nyinyi naomba sahihisho, pamoja na picha. Yule msichana kwenye ukurasa wenu amezungusha kamba ya tanga kwenye winchi, ile ngoma ya kuvutia kamba, kinyume cha saa, upande ambao winchi inazunguka bure. Kamba huzungushwa kufuata saa, mizunguko mitatu au minne, vidole mbali na ngoma. Au mmeichapa kinyume? Jina la yoti limekatwa ukingoni, siwezi kujua. Kama ndivyo, igeuzeni tu kwenye kompyuta, atakuwa amefaulu.

Mkufunzi wa ubaharia