Barua kwa mwanangu: kozi ya bomba usiiache

Mwanangu, nimeona nikuandikie tu manake kwenye simu ukishaanza "sawa mama, sawa mama" najua husikii kitu. Jumapili unaondoka, haya, nimekubali, na nimefurahi pia usidhani nimenuna, kazini nimeshawaambia mpaka wasioniuliza kwamba mwanangu kasajiliwa timu ya mpira. Ila kozi ya ufundi bomba. Umebakiza mwaka mmoja tu alafu unasema utamalizia huko huko. Huko huko wapi?

Leo basi limepita Deepdale, uwanja wa timu ya Preston, kama kila siku, pale kwenye sanamu la mtu anayeteleza kwenye maji. Miaka yote hii hapa Preston nlikuwa najua ni pambo tu la uwanja, mpaka yule babu ninayemhudumia asubuhi akaniambia ni Tom Finney, mchezaji wao wa zamani, na unamjua babu alivyo, ukimtajia Finney chai inapoa na dawa hanywi. Kumbe Finney alikuwa fundi bomba! Timu ya Preston walimtaka akiwa kijana mdogo kabisa, baba yake akakataa, akamwambia ufundi kwanza. Na huyo baba hakuwa tajiri, mkewe alishafariki mtoto ana miaka 4, hela angeitaka kama mtu mwingine, lakini akakaza. Mimi sikukaza, ndo tatizo langu.

Akaja kusaini Januari 1940, vita ishaanza, ligi yenyewe imesimamishwa. 1941 ana miaka 19 akacheza fainali ya kombe la wakati wa vita pale Wembley na Arsenal, sare 1-1, wakarudiana Blackburn, Preston wakashinda 2-1. Ingekuwa wewe hapo ungeshaniambia mama nishatoka. Mwaka uliofuata jeshi likambeba, Misri, kisha Italia anaendesha kifaru. Mechi yake ya kwanza ya ligi ya kweli ilikuwa Agosti 1946, ana miaka 24. Miaka sita imekwenda hivo hivo, na si kwa kosa lake. Wewe hamna vita, sawa, ila goti lipo, kocha mpya yupo, na ile barua ya timu yako ya kwanza siirudii, unajua humu ndani tulikaaje.

Usinambie siku hizi hela ipo. Ipo kwa hao unaowaona kwenye tivii. Zamani walikuwa na kiwango, mchezaji hazidishiwi, Finney anastaafu 1960 mshahara wa juu ulikuwa pauni 20 kwa wiki, mtu mwenye mechi 76 za Uingereza na magoli 30! 1952 Palermo ya Italia walimwekea pauni 10,000 mezani za kusaini tu, na nyumba na gari, klabu ikasema haendi popote, basi na hakwenda. Kilichomweka mjini ni biashara yake ya mabomba, anacheza Jumamosi, Jumatatu yuko kwenye masinki ya watu. Ligi hakuchukua, kombe la FA 1954 walifungwa fainali 3-2 na West Brom. Na uzeeni mkewe alivyopoteza kumbukumbu alimuuguza mwenyewe, hiyo mimi kwa kazi yangu imenigusa kuliko magoli.

Nilimuuliza babu, sasa huyo baba yake angemwachia je? Akacheka tu.

Boila imevuja tena juzi. Fundi kaja dakika 20, pauni 95, kakaza kitu kimoja nyuma kanywa na chai yangu. Nikamwangalia nikasema moyoni hiki kitu mwanangu angekifanya huku anaongea na simu. Unajua kazi hiyo, mwalimu wako aliniambia mkono wako mzuri, sikukwambia nisije nikakuvimbisha kichwa.

Na ile hela ya zana, mwaka jana. Nilikwambia chuo wamechelewesha. Hawakuchelewesha. Paa la bibi yako lilikuwa limeng'oka, nikatuma, nikasema mwezi ujao nitarudisha, mwezi ujao ukawa mwezi ujao. Ukawa unaazima spana za wenzako wanakucheka, alafu mimi nikakuita mvivu kwa sababu hutaki kwenda darasani. Haya, ndo hivo. Hata mimi unesi niliuacha mwaka wa mwisho nikisema nitamalizia mbele ya safari, we si unaniona naogesha watu.

Nimeulizia, kule unakokwenda kuna chuo, wanapokea wa kuhamia, jioni mbili kwa wiki. Fomu iko mezani chini ya kopo la sukari, ijaze kwa kalamu nyeusi.

Jaketi zito nimelifua. Begi jekundu usilifungue kwenye treni, zito, kuna spana mbili na kikatio cha bomba, risiti imo kama saizi siyo. Na mpigie bibi Tanga kabla ya Ijumaa, anakuulizia, anasema mvua zimeanza na paa halivuji.

Mama