Wauza samani, tuonyesheni mbao kabla ya vanishi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na wauza samani wa jiji hili, na sisi tunaonunua.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtafutia binti yangu kitanda cha sita kwa sita, anaolewa. Duka sitalitaja. Kijana wa pale akanionyesha kitanda cha hudhurungi kinachong'aa kama kioo. "Mama, huu mninga wa Tabora, wajukuu watakirithi." Nikashika ubao wa kichwani niupime uzito. Ukanyanyuka kwa mkono mmoja, na mimi nina miaka 63 na bega bovu.

Nikainama. Kwa chini, ambako brashi haikufika, ubao ulikuwa wa njano iliyopauka, una jicho jeusi kubwa kama sarafu ya shilingi mia. Nikakwangua kwa ufunguo, nikanusa: utomvu wa paina. "Mwanangu, mninga huu umetoka Mufindi, kwenye mashamba ya paina," nikamwambia. Akacheka, akapunguza laki moja palepale. Hiyo laki ndiyo iliyoniudhi kuliko rangi.

Marehemu mume wangu alikuwa seremala Keko kwa miaka 31, mimi nikishika daftari na kufagia unga wa mbao. Unga wa mvule ulinipa chafya na kuniwasha mikono. Mtiki ukisharandwa, ukiupapasa unahisi mafuta mafuta, na una harufu ya ngozi ya viatu. Mpingo hata mtoto anaujua: kipande chake kikitiwa kwenye ndoo ya maji kinazama, tofauti na vinyago vya mti mwepesi vilivyopakwa dawa ya viatu.

Mninga, mume wangu alinifundisha kuutambua kwa wembe. Unakata kidogo kwenye ncha ya ubao, pale msumeno ulipoukatiza, si ubavuni, ukate mara moja tu kusiwe na manyoya, halafu unalowesha kwa mate. Mninga utaonyesha vitundu vidogo, unaviona kwa macho matupu kama hujafikia kuvaa miwani. Paina haina vitundu hivyo hata ukitafuta mpaka magharibi. Ina mistari ya duara tu, mmoja mweusi mmoja mweupe. Rangi inaweza kudanganya ubavuni, lakini vitundu hakuna fundi anayevitoboa.

Ila weupe peke yake msiuhukumu. Mninga wa kweli nao una nyama nyeupe inayozunguka kiini, na fundi mwenye haraka, au mwenye mbao chache, huiacha. Hapo hujauziwa mti wa uongo, lakini hapo ndipo bungua wataanzia, uamke ukute unga kama sembe sakafuni. Mwambie aikate nyama hiyo nyeupe, akubakizie kiini.

Paina yenyewe siichukii. Kenchi ya nyumba yangu ni paina iliyotiwa dawa, na haijanisumbua. Iuzwe kwa jina lake na bei yake, basi.

Ninachoomba ni vitu viwili tu. Samani ya mbao ghali ionyeshwe kwa mnunuzi ikiwa uchi, vanishi ipakwe baada ya kukubaliana. Na risiti itaje mti. Nimepekua risiti zangu zote za nyuma: "kitanda 1", "meza 1", "kabati 1". Ukirudi kulalamika utalalamikia nini, wakati kitanda kweli ulipewa?

Kitanda cha binti nimekipata kwa fundi mmoja hukuhuku Keko, hakijapakwa kitu. Nikamwomba aandike mti kwenye risiti. Akaandika "mninga", akasita, akaongeza "chaga paina". Sikuwa nimeziuliza chaga. Vanishi anapaka Jumamosi.

Mjane wa Seremala,
Keko, Dar es Salaam