Pale presha inapopimwa, pawe na futi kamba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, nashona nguo za kike tangu mwaka 1994. Udaktari sijui, ila nina daftari. Kila mteja ana ukurasa wake: kifua, kiuno, hipsi, mkono, urefu, na tarehe pembeni, ili akirudi kulalamika kwamba gauni linambana, nimfunulie tuone kilichobadilika ni gauni au ni yeye.

Kuna mteja wangu mmoja, mwalimu. Mwaka 2009 nilimshonea akiwa bi harusi, kiuno inchi 29. Alipojifungua mtoto wa pili, 34. Sare ya harusi ya mdogo wake, 2015, 38. Mwaka 2019, 42. Kila akija, waliokaa barazani walimpokea kwa shangwe: "Umenawiri, shoga! Ndoa imekukubali!" Na mimi nimo, tena naongoza, maana fundi asiyesifia wateja atakula nini? Lakini mimi ndiye niliyemzungushia kamba, na nilimsikia anavyohema kwa kupanda vidato vitatu tu vya baraza.

Baadaye akaleta magauni matano nimpunguzie. Kiuno 37. Siku hiyo barazani hakuna aliyesema neno.

Ukimya ule naujua. Miaka ya tisini mtu akileta nguo kupunguzwa hukumuuliza. Ulipunguza, ukapiga pasi, ukamrudishia, na haikupita miezi mingi ukasikia msiba. Ndivyo UKIMWI ulivyotufundisha, watu wa rika langu, kumwona aliyejaa tukashukuru na kumwona aliyekonda tukatazamana. Vijana wanaotucheka kwamba tunapenda unene hawakuzishona nguo zile.

Mwalimu hakuwa na UKIMWI. Alikuwa na sukari. Macho yalianza kumtia ukungu, akadhani ni miwani, kwenda kupima ndiyo ikagundulika. Akaambiwa huenda amekaa nayo miaka kadhaa bila kujua. Kumbe wakati tunampigia vigelegele, mafuta ya tumboni yalikuwa yanaufanya mwili wake usiitikie insulini, ile homoni inayodhibiti sukari ya damu, na kukonda kulipokuja hakukuwa nafuu. Ilikuwa sukari imepanda hadi mwili unajila.

Nami sikujifunza kwake upesi. Tangu mwaka 2017 nilikuwa nimefunga mota kwenye cherehani yangu, na miguu iliyokuwa ikikanyaga pedeli kutwa nzima ikapata likizo. Huku mteja analeta soda, jirani analeta mihogo ya kukaanga, na mimi sijainuka kitini. Magoti yakaanza kuuma. Nikaenda zahanati moja (siitaji), muuguzi akanipima presha, akanitazama juu mpaka chini, akasema kwa sauti benchi zima lisikie: "Mama, wewe punguza kula." Watu wakacheka. Nilikaa miezi minane sijarudi, na presha nilikuwa nayo kweli. Alichosema kilikuwa sawa, Mhariri, ila alinifukuza nacho.

Aliyenisaidia ni kijana mmoja wa fiziotherapia, wale wanaotibu viungo kwa mazoezi. Hakunicheka. Aliniambia kila kilo moja nikiipunguza, goti linatuliwa mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Hesabu kama hiyo fundi anaielewa. Nikaacha soda, nikaacha kupanda bodaboda kwenda sokoni. Kilo nilizopunguza hazijafika kumi, lakini sasa nikienda chooni usiku sishiki ukuta.

Ninachoomba ni kitu kidogo. Zahanati zetu zina mashine ya presha, na nyingine zina mizani. Waweke na futi kamba, bei yake haizidi soda mbili. Mizani haijui kutofautisha hipsi na tumbo. Nina wateja wenye hipsi 48 na kiuno kilichokatika, na nina wengine wembamba wa mikono na miguu ambao tumbo limetangulia. Hawa wa pili ndio wa kuwahofia zaidi, kwa sababu mafuta ya tumboni hukaa jirani na ini na kongosho. Shirika la Afya Duniani linasema kiuno cha mwanamke kikizidi sentimita 88, yaani karibu inchi 35, hatari ya maradhi haya inapanda sana. Kwa mwanamume ni sentimita 102, inchi 40. Inchi 35! Nimefunua daftari langu usiku mmoja nikahesabu waliovuka, nikaliweka chini kabla sijamaliza.

Ila msichukue vipimo vya fundi mkavipeleka hospitali. Sisi tunapima pale kiuno kilipobana, ili gauni likae. Wao wanapima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akishatoa pumzi, bila kubana tumbo. Namba yao mara nyingi huzidi yangu. Na atakayepima apime kwa sauti ya chini, aandike, amwoneshe mwenyewe tu.

Mota nimeifungua. Mwezi Januari nilianza daftari jipya, na ukurasa wa kwanza nimejiandika mwenyewe: kifua 44, kiuno 40, hipsi 47. Chini yake nimeacha nafasi.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga.