Kwa vijana wenye viwanda: someni daftari la Owen kabla ya hotuba zake

Wanangu mnaofungua viwanda vidogo vya kushona, kusokota na kusindika,

Salaam. Jina la Robert Owen, aliyeendesha kiwanda cha nyuzi za pamba huko Scotland miaka mia mbili iliyopita, mnalitaja sana siku hizi, na kila mara kwa sifa zilezile: tajiri mwenye huruma, baba wa ushirika. Huruma alikuwa nayo, sikatai. Lakini hata David Dale, mkwewe aliyemwuzia kiwanda, alisifika kwa huruma. Alichozidisha Owen ni mpangilio: lipi lianze, lipi lingoje. Hilo ndilo ninalotaka mlitazame.

Alizaliwa Newtown, Wales, mwaka 1771, mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi. Alipofika miaka 10 alikuwa ameshatoka shule, akapelekwa Stamford, mji wa Uingereza, kujifunza kazi kwa muuza vitambaa. Akajua kitambaa kwa kukipapasa. Ndiyo maana, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alikabidhiwa Manchester kiwanda cha nyuzi chenye watu 500. Kwa hiyo ninyi mnaotafuta mkopo kabla ya kuijua bidhaa, mmeanzia mwisho.

Mwaka 1799 yeye na wabia wake walinunua New Lanark, kijiji chenye kiwanda cha pamba kando ya mto Clyde huko Scotland, kwa pauni 60,000. Hawakulipa kwa mkupuo. Walikubaliana pauni 3,000 kila mwaka kwa miaka 20. Mashine ziliendeshwa kwa magurudumu ya maji, na deni jepesi kwa mwaka lilimwachia nafasi ya kurekebisha kijiji. Mwenye rejesho la kila wiki hana nafasi hiyo.

Alianza usimamizi Januari 1800. Alikuta watu wapatao 2,000, na kati yao watoto karibu 500 waliochukuliwa kwenye nyumba za maskini za Edinburgh na Glasgow. Ulevi ulikuwepo, wizi pia. Wenyeji walikuwa Waskoti, yeye Mwelshi aliyetokea Manchester, na kila agizo lake walilitazama kwa jicho la pembeni.

Hakuanza na hotuba. Alianza na duka. Wachuuzi wa kijijini walikuwa wakiuza vitu vibovu kwa bei ya juu, tena kwa mkopo, mshahara unaliwa kabla haujatoka. Owen akanunua kwa jumla, kwa fedha taslimu, vyakula na nguo vya ubora mzuri, akauza kwa bei inayozidi kidogo ile aliyonunulia. Kwa hesabu yake mwenyewe, gharama ya maisha ya wafanyakazi ilipungua kwa robo. Wameongezewa kipato bila mshahara kuguswa! Faida ya duka ikaenda kwenye shule. Angalieni lakini: duka la mwajiri ni kisu chenye makali pande zote mbili. Viwanda vingine vya wakati huo viliwalipa watu kwa vocha za duka la bosi, bei akaipanga bosi. Ukifungua duka kiwandani, mshahara ulipwe kwa fedha, na mtu awe huru kununua kwingine.

Kisha nidhamu. Juu ya kila mfanyakazi alitundika kipande cha mti, urefu wa inchi 2 na upana wa inchi 1, chenye pande nne za rangi: nyeusi kwa mwenendo mbaya, bluu kwa wa wastani, njano kwa mzuri, nyeupe kwa bora. Upande uliogeuzwa mbele ulionyesha kazi ya jana. Msimamizi aligeuza kila siku, alama ikaandikwa daftarini. Hakuna matusi, hakuna kiboko. Wengi wanaosimulia habari hii huruka kipengele muhimu: aliyeona ameonewa aliweza kumlalamikia Owen kabla alama haijaandikwa. Bila mlango huo kile kijiti kingekuwa rungu la mnyapara. Mimi bado sikipendi, maana ni jicho la bosi linalokukodolea siku nzima, na hao wenye programu za kuhesabu dakika za mfanyakazi chooni wamekirithi bila ule mlango wa malalamiko.

Imani yenyewe haikuletwa na duka wala kijiti. Mwishoni mwa 1807 Marekani ilizuia meli zake kupeleka bidhaa nje, pamba ikapanda bei vibaya. Wenye viwanda wengi walifukuza watu. Owen alisimamisha mashine miezi minne, akawalipa wote mshahara kamili kwa kazi ya kutunza mitambo tu. Zilimtoka zaidi ya pauni 7,000. Baada ya hapo, hata mabadiliko mazito yalipokelewa. Basi wekeni akiba ya mishahara mapema, kabla ya kuchora ukuta kaulimbiu ya kiwanda.

Watoto wa nyumba za maskini aliacha kuwapokea, na chini ya miaka 10 hakuajiri. Mwaka 1816 alifungua jengo la elimu, na mwaka huohuo saa za kazi zikashuka hadi 10 na dakika 45, mbali na mapumziko ya chakula. Mtoto aliyechoka huacha uzi uliokatika upite bila kuungwa, na kasoro hiyo hulipwa sokoni. Shuleni mzazi alilipa peni 3 kwa mwezi kwa mtoto, kiasi kidogo tu, ili asijione anapewa sadaka.

Wabia ndio waliomsumbua. Waliolalamikia matumizi ya shule walitaka gawio, na mwaka 1813 kiwanda kikapigwa mnada. Owen alikuja na wabia wapya, mfanyabiashara wa dawa William Allen na mwanafalsafa Jeremy Bentham miongoni mwao, wakakinunua kwa pauni 114,100. Hawa walikubali riba ya asilimia 5 kwa mtaji, ziada iende kwa jamii. Andikeni kiwango hicho kwenye mkataba siku ya kwanza, wakati bado mnacheka pamoja.

Sheria ya Bunge la Uingereza ya kuwalinda watoto viwandani, aliyoipigania, ilipita mwaka 1819 ikiwa imekatwakatwa: viwanda vya pamba tu, umri miaka 9, saa 12 kwa walio chini ya miaka 16. Wakaguzi wa kulipwa hawakuwekwa. Iliangukia hapo, hadi sheria ya 1833 ilipoteua wakaguzi wanne.

Mgema alisifiwa mno. Mwaka 1825 alinunua kijiji cha New Harmony, Indiana, huko Marekani, akamkaribisha kila aliyebisha hodi. Wasemaji walijaa, mafundi wakakosekana, naye baada ya wiki chache akaondoka akawaachia mambo. Kufika 1827 kulikuwa kumesambaratika, na karibu sehemu nne kati ya tano za mali yake zimezama. New Lanark alikaa pale, akihesabu. Indiana alihutubu.

Ushirika uliosimama ulijengwa na wengine. Rochdale, mji wa Uingereza, Desemba 1844, watu 28, baadhi yao wafumaji, walifungua duka lenye siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa oti na mishumaa. Hakuna mkopo, ziada iligawiwa kwa kadiri ya manunuzi, kila mwanachama kura moja. Kanuni hizo mbili za mwisho ndizo vyama vyetu vya ushirika vinazozitaja mpaka leo. New Lanark ziada iliamuliwa na Owen na wabia wake, hata iwe kwa wema, na wafanyakazi hawakuwa na kura. Mkutano wenu ujao, kabla hamjapanga bei ya duka la kiwanda, wapeni wafanyakazi lile daftari la manunuzi walishike wenyewe.

Ni mimi, mzee wenu.