Kabla ya kumwita dereva mwizi, pimeni gari

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa magari mliandika kwamba Land Cruiser mkonga ya dizeli, ile yenye bomba la hewa pembeni mwa kioo, inakwenda kilomita 10 kwa lita. Hamkusema ni kwa barabara ipi, imebeba nini, wala dereva alikuwa na haraka kiasi gani. Ningefunua ukurasa nikaendelea na mambo ya mpira, ila namba hiyo hiyo iliwahi kunipatia barua ya onyo.

Nimeendesha mkonga miaka 22, mingi ya hiyo mkoani Rukwa, kwenye mradi ambao sitautaja. Ofisini kulikuwa na karatasi imebandikwa ukutani: lita 1, kilomita 10. Aliyeiandika hakuwahi kushuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa. Kila mwisho wa mwezi mhasibu alichukua kilomita za kwenye logi buku, daftari la safari za gari, akagawa kwa kumi, na lita zilizozidi hapo zikahesabiwa kuwa nimeziuza. Siku moja mwaka 2012 akaja mkaguzi. Gari letu lilikuwa lile refu la viti vya pembeni, lenye matangi mawili ya lita 90 kila moja. Mshale wa mafuta unasoma tangi moja tu, lile ulilolichagua kwa swichi ya dashibodi. Mkaguzi akawasha ufunguo, akaona mshale umelala, na risiti ya asubuhi hiyo inasema tumejaza mafuta. Nikamwomba abonyeze swichi. Akaniambia nisimfundishe kazi. Barua ilitoka Ijumaa.

Tangu hapo nikaanza daftari langu mwenyewe. Utaratibu ni mwepesi: jaza matangi yote mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, fanya safari, kisha rudi kwenye pampu ile ile ujaze tena mpaka ijikate. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo gari lilizokula. Mshale wa dashibodi usiuamini, na makadirio ya fundi uyaache gereji.

Lami ya Tunduma ilipokamilika, nikiwa na watu wawili na mwendo wa 80, daftari linasema kilomita 8.6 kwa lita. Barabara hiyo hiyo, bosi amechelewa kikao na tunakwenda 110, inashuka mpaka 6.9. Hakuna uchawi hapo. Mkonga umekaa kama kabati la nguo, na upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 kwenda 110, nguvu ya upepo inayokusukuma nyuma inakaribia kuwa mara mbili. Weka keria juu na mapipa mawili, unaongeza kabati lingine.

Ukiingia bonde la Ziwa Rukwa, kwa Muze na Mtowisa, hesabu ya lami itupe. Kiangazi nilipata 6.5. Masika, ule udongo mweusi ukishalewa maji, unatumia fowili, yaani magurudumu yote manne, na gia ndogo, injini inanguruma kilomita nzima huku tairi zinazunguka zaidi kuliko gari linavyosogea. Kuna safari nilirudi na 3.8. Halafu ni lazima upande tena hadi Sumbawanga, karibu mita 1,000 kwenda juu, na injini ya lita 4.2 isiyo na tabo ya kuisukumia hewa inakosa pumzi kadiri unavyopanda. Ule moshi mweusi mnaouona nyuma ya magari ya zamani mlimani ni dizeli isiyopata hewa ya kutosha kuungua.

Na kuna mafuta yanayoliwa gari likiwa limesimama. Viongozi wako ndani wanafungua semina, nje tumeambiwa AC isizimwe ili wakitoka wakute baridi. Kwa saa tatu za namna hiyo logi buku inaandika kilomita sifuri, na mhasibu anagawa sifuri kwa kumi.

Sasa hiyo 10 ilitoka wapi? Namba za kwenye karatasi za mauzo hupimwa maabara, gari likizungusha magurudumu juu ya roli za mashine. Magari yetu mengi ya mitumba madogo kwa makubwa yanatoka Japani, na kipimo chao cha zamani, JC08, hakikufika hata kilomita 82 kwa saa, na AC ilikuwa imezimwa. Si uongo, ila ni ukweli wa barabara ambayo haipo kwetu.

Wenye magari makubwa zaidi wana shida nyingine. Mpwa wangu yuko Texas na anaendesha Ford F-250. Nilimuuliza kiwanda kinasema inakula kiasi gani, akacheka. Kumbe kule pikapu ambayo uzito wake wa juu unaoruhusiwa pamoja na mzigo unazidi pauni 8,500, yaani takriban kilo 3,855, hailazimiki kubandikwa ile karatasi ya serikali ya ulaji wa mafuta. F-250 imo kundi hilo. Kwa hiyo wenyewe wanaulizana, kila mtu na namba yake. Yeye anapata maili 15 kwa galoni. Nikapiga hesabu kwa galoni ya Uingereza tuliyofundishwa shule, lita 4.546, nikapata kilomita 5.3 kwa lita, nikamhurumia. Akanikumbusha galoni yao ni lita 3.785: ni 6.4. Mtu mzima na daftari langu, nimekosea kwa zaidi ya kilomita nzima.

Tairi nazo zinadanganya. Ukifunga zenye mzingo mkubwa kwa asilimia 5, ukitembea kilomita 100 saa ya kilomita inaandika 95 na ushei. Gari linaonekana limekula zaidi na dereva anaitwa ofisini. Ofisi yetu ilibadilisha tairi bila kubadilisha karatasi ya ukutani.

Sikatai kwamba wezi wapo, nawajua. Kuna dereva anayeelewana na mhudumu wa sheli, risiti inasoma lita 80 na zilizoingia ni 60. Kuna wanaonyonya kwa mpira usiku. Lakini namba ya uongo ndiyo kichaka chao. Mnapodai 10 pale ambapo haiwezekani, kila dereva anazidi, mwaminifu na mwizi wanafanana, na mwishowe ofisi inachoka inasamehe wote au inafukuza anayekuja mbele. Mngekuwa mnajua kwamba gari hili Mtowisa linapata 6.5, aliyerudi na 5 wakati wa kiangazi angekuwa na la kujibu.

Kwa hiyo naomba ofisi za mikoa na miradi zipime kila gari lake, mara tatu: lami, vumbi, na masika. Dereva, mhasibu na fundi waende pamoja, waandike namba hizo ndani ya mlango wa gari, na wazipime upya wakibadilisha tairi. Gharama yake ni siku chache na matangi kadhaa ya dizeli ambayo yangenunuliwa vyovyote. EWURA, mamlaka ya nishati na maji, inapotangaza bei ya mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi tunahesabu mpaka shilingi ya mwisho. Lita zenyewe tunazikisia.

Nanyi wahariri, mkichapisha namba ya ulaji wa mafuta, andikeni na barabara yake. Daftari langu lina safari 311 na niko tayari kulileta hata kesho. Mradi ule ulishafungwa, lakini barua ya onyo bado imo kwenye faili langu la mafao, na sijapata mtu wa kumwomba aitoe.

Dereva mstaafu,
Sumbawanga