Lugalo tuanzie vichakani

Mhariri,

Jumamosi iliyopita nilifuatana na wajukuu zangu katika matembezi ya kuwakumbuka wapiganaji wa Lugalo, nje ya Iringa. Kiongozi wetu alitupeleka moja kwa moja kwenye mnara wa Wajerumani, akamweleza kwa kirefu Zelewski, kamanda wa Kijerumani aliyeuawa hapo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilipouvamia msafara wake. Nikamuuliza: na Wahehe waliokufa siku ile? Na wapagazi? Akanyamaza. Iliniuma. Marehemu babu yangu hakupita pale bila kuvua kofia, na si kwa ajili ya mnara.

Nawaomba waongozaji waanzie vichakani, walikojificha wenye mikuki. Mjukuu wangu mdogo alichutama humo mwenyewe, bila kuambiwa, akaitazama njia.

Bibi wa wajukuu wanne, Iringa